Fungate ndani ya Pijo

Jumamosi walifunga ndoa. Jumapili walirudi kanisani kutoa shukrani. Jumatatu wageni wa mwisho waliondoka na masufuria yao, na Jumanne jioni, wakiwa wanakunywa chai barazani, Fundi Eliufoo akamwambia mke wake mpya kwamba kesho asubuhi wanakwenda fungate Kenya.

"Kwa basi gani?" Blandina akauliza.

"Kwa Pijo."

Blandina alicheka mpaka miwani ikamtoka usoni ikatumbukia kwenye chai. Alikuwa na miaka sitini na sita, mkunga mstaafu, mjane wa miaka tisa, mtu ambaye wauguzi wadogo walikuwa wakisikia viatu vyake kwenye korido wanaficha simu. Lakini tangu Eliufoo amwambie kwamba anampenda, tena katikati ya mazoezi ya kwaya, mbele ya sauti ya pili yote, kicheko kilikuwa kinamtoka tu bila ruhusa. Eliufoo mwenyewe alikuwa na sabini na moja, na tangu siku hiyo alikuwa ameanza kupaka viatu rangi hata akienda gereji.

Pijo yenyewe watu wote wa Same waliijua. Ilikuwa 404 ya mwaka sitini na tisa, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, gia yake kwenye usukani, kiti cha mbele kimoja kirefu kama benchi la kanisani. Eliufoo aliikuta kwenye banda la shamba la mkonge, kuku wametaga kiti cha nyuma, akaichukua na kuitengeneza kwa miaka kumi na moja. Ilipopona ikawa gari la maharusi. Ilibeba mabibi harusi wa mjini na wa milimani, mbali kabisa ilipowahi kufika ni Hedaru, na kwenye usukani hakuwahi kukaa mtu mwingine ila yeye.

Safari ilikuwa na sababu. Hedwiga, mdogo wake Blandina, aliolewa na Mtaita akahamia Voi miaka arobaini iliyopita, na harusini hakuweza kuja kwa kuwa alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Basi nusu ya keki ilikuwa imewekwa kando kwa ajili yake, kwenye boksi, na Blandina alikuwa amepanga kuituma kwa mtu. Sasa ilikuwa inapelekwa na bibi harusi mwenyewe.

Usiku haujaingia vizuri, simu ikalia. Alikuwa Anold, mwanawe wa kwanza, anayefanya kazi ofisini Arusha. Habari zilikuwa zimeshafika kwenye kundi la familia.

"Shikamoo mama. Hivi ni kweli? Hilo gari si limenizidi umri?"

"Marahaba mwanangu. Kama limekuzidi umri, liamkie."

"Mama, sitanii."

"Na mimi sitanii. Lala salama."

Saa kumi na mbili asubuhi waliondoka. Mawingu yalikuwa bado yamelala juu ya milima, majirani wamesimama getini na khanga mabegani, na Pijo iliwaka mara moja, kwa sauti nzito kidogo kama ya mzee anayesafisha koo kabla ya kutoa tangazo. Blandina alipakata keki. Miguuni mwake kulikuwa na hotpoti la makande, chupa ya chai na bahasha ya karatasi za gari, bima ya kuvuka mpaka na kadi zao za homa ya manjano. Eliufoo alivaa kofia ya harusi.

Walikwenda mwendo wa sitini. Mabasi yaliwapita yakipiga honi, nao wakawapungia mikono abiria wote, dirisha kwa dirisha. Milima ilikuwa kulia, nyika kushoto, na wao katikati wakiimba nyimbo za kwaya, yeye besi, Blandina sauti ya pili, na pale soprano ilipotakiwa wakanyamaza wote wawili wakaiachia nafasi, kisha wakacheka. Kila Eliufoo alipobadilisha gia, mguu wa kushoto wa Blandina ulikandamiza sakafu. Eliufoo aliona, akadhani anapiga mdundo wa wimbo.

Walipopita Mwanga, taa nyekundu ikaanza kukonyeza kwenye dashibodi.

"Fundi, hiyo taa inataka nini?"

"Hiyo? Inasalimia tu."

Pale Kifaru walisimama kununua ndizi. Kando ya barabara alikuwa amesimama mama mmoja wa Kimasai, wa miaka arobaini na kitu, shuka mbili begani, mfuko wa shanga mkononi, anaitazama barabara kwa hasira. Basi lilikuwa limemwacha.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Mimi naitwa Nalangu, nawahi mnada Taveta. Hii gari inafika?"

"Marahaba. Inafika Voi!" Eliufoo akasema kwa majivuno.

Nalangu akazunguka nyuma, akatazama matairi moja moja, akarudi. "Mimi nimeuliza Taveta tu."

Akapanda. Akapewa keki aishike, kwa sababu kiti cha nyuma kilikuwa kipana. Baada ya muda akauliza keki ni ya nini.

"Ya harusi. Tuko fungate," akasema Blandina.

"Nani ameolewa?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Na huyu."

Nalangu akainama mbele, akamtazama Eliufoo ubavuni, kofia mpaka viatu, akarudi nyuma, na alichekea ndani ya shuka yake kutoka pale mpaka Himo. Kilimanjaro ilikuwa wazi mbele yao. Njia panda walikata kulia, wakaiacha ya Moshi, na saa tatu kasoro wakafika Holili.

Foleni ya malori ilikuwa ndefu. Pale mpakani, anayetoka Tanzania haulizwi kitu upande wa nyumbani. Anavuka geti, anaingia kwenye uwanja wa upande wa Taveta, na humo ndani ya jengo moja anagongewa mihuri ya nchi zote mbili. Kwa hiyo walisogea, wakasimama, wakasogea, na walipobakiza kama mita thelathini kufika getini, Eliufoo akafanya alichozoea kufanya maisha yake yote akiwa kwenye foleni. Akazima injini kuokoa mafuta.

Foleni iliposogea, akazungusha ufunguo. Tik. Akazungusha tena. Tik.

Nyuma yao lori likapiga honi. Eliufoo akashuka, akafungua boneti, na hakuhitaji kutazama sana. Dainamo ilikuwa imechoka. Injini ikiwa juu ilikuwa inachaji kidogo, ikishuka inakata, na betri ilikuwa imekuja kutoka Mwanga inakufa taratibu huku taa nyekundu ikipiga kelele. Yeye, fundi wa mji mzima, alikuwa amesema inasalimia.

"Mzee, tukusukume?" madereva wa malori wakauliza. Walishashuka sita, na matingo wao, na wauza karanga wawili.

"Sukumeni!" Eliufoo akaweka kofia vizuri, akasimama nje kwenye mlango wa dereva, mkono mmoja kwenye usukani, bega kwenye nguzo ya mlango. "Ikishika kasi nitarukia ndani niiwashe!"

Watu wakasukuma. Pijo ikaanza kutambaa, kisha ikatembea, kisha, kwa kuwa pale panateremka kidogo, ikaanza kukimbia. Eliufoo naye akaanza kukimbia. Mguu wa kurukia ndani ulikuwa wa kulia, na mguu huo ulikuwa na miaka sabini na moja.

"Ruka, mzee!" watu wakapiga kelele.

Blandina alimtazama mume wake anavyohema. Akatazama geti linavyokuja. Kisha akajivuta kwenye lile benchi mara moja, akakaa mbele ya usukani, akakanyaga klachi, akaivuta gia ikaingia namba mbili, akafungua ufunguo, akaachia klachi. Pijo ikashtuka, ikakohoa moshi mweusi, ikaunguruma. Usukani ukamtoka Eliufoo mkononi. Askari wa getini akapisha, akapiga saluti bila kujua anampigia nani, na gari la maharusi likaingia Kenya likiwa na bibi harusi kwenye usukani, Mmasai na keki nyuma, na bwana harusi amebaki Tanzania ameshika kofia.

Madereva walishangilia kama vile kuna goli.

Eliufoo alifika kwenye jengo kwa miguu, akihema. Bahati nzuri karatasi zote alikuwa amezitia mfukoni kwenye foleni. Dirishani alikaa afisa mmoja mnene, mpole, jina lake Abubakari limeandikwa kifuani. Akapokea karatasi akazipanga.

"Peugeot 404. Mwaka sitini na tisa." Akainua macho. "Hii bado inatembea?"

"Inatembea."

"Iko wapi?"

Pijo ikapita dirishani, kutoka kulia kwenda kushoto.

"Ile pale," akasema Eliufoo.

"Na dereva ni nani?"

"Dereva ni mimi. Ila anayeendesha ni mke wangu."

Abubakari akasubiri maelezo. Badala ya maelezo, Pijo ikapita tena, kutoka kulia kwenda kushoto. Afisa akavaa kofia yake akatoka nje, Eliufoo nyuma yake. Uwanja ulikuwa mpana, malori yameegeshwa katikati, na Blandina alikuwa anayazunguka, mikono yote miwili kwenye usukani, mgongo umenyooka, macho mbele. Kitenge chake cha kichwani kilikuwa kimefunguka na kinapepea dirishani.

"Mama, simama!" Abubakari akaita.

"Nikiachia mafuta inazima!" Blandina akajibu, akapita.

Watu walianza kutoka kwenye foleni za mihuri kuja kutazama. Mzunguko uliofuata Abubakari alikuwa tayari amesogea barabarani. "Basi leseni, mama! Nionyeshe leseni!"

Nyuma, Nalangu alishikilia keki kwa mkono mmoja na kwa mwingine akafungua mkoba wa Blandina kama alivyoelekezwa. Walipofika tena, kadi ikatokezwa dirishani, na yule afisa mnene akakimbia hatua tano sambamba na gari akaipokea kama mkimbiaji anayepokea kijiti. Umati ukapiga makofi. Akaisoma, akahema, akampa Eliufoo naye aione.

Ilikuwa leseni hai. Ilikuwa imelipiwa upya mwaka juzi tu.

Eliufoo aliigeuza, akaisoma tena. Alimfahamu mwanamke huyu kwenye kwaya kwa miaka sita, na kama mke kwa siku nne. Pijo ilipotokea kwenye kona ya malori akaweka mikono mdomoni, na kwa mara ya kwanza hakumwita Mama Anold.

"Blandina! Una leseni tangu lini?"

Gari likapita. Likaenda likazunguka malori. Watu wote wakasubiri jibu. Likarudi.

"Tangu themanini na nne!"

"Mbona hukuniambia?"

Likaenda. Mtu mmoja kwenye foleni alisema, "Ngojeni, ngojeni, anakuja." Likarudi.

"Hukuniuliza!"

Hapo uwanja mzima ulikufa kwa kicheko. Waliokuwa na mizigo waliitua. Abubakari alijifuta macho kwa kofia. Mzunguko wa saba Blandina alipunguza mwendo mwenyewe, akaisogeza Pijo kando kabisa ya ukuta, sambamba, sentimita chache, kazi ambayo Eliufoo alimwonea wivu, akaachia mafuta. Injini ikazima.

Eliufoo akaja akainama dirishani. Uso wa mke wake ulikuwa umelowa, na hakuweza kujua kama ni jasho au ni kitu kingine.

"Ingezima ukipunguza kidogo hata pale mwanzo," akasema polepole. "Ungeegesha tu, ukaiacha ife. Tungesukuma tena."

"Najua."

"Sasa?"

"Mizunguko mitatu ya kwanza ilikuwa ya injini, Fundi." Akashusha pumzi. "Iliyobaki ilikuwa yangu."

Keki haikufika Voi. Haikuwezekana. Waliosukuma walikuwa wamekuja kutazama gari lao, Abubakari amerudi na mihuri, wauza karanga wapo, na Nalangu, aliyezungushwa mara saba, alisema mikono imechoka na angependa kujua alikuwa ameshika nini. Blandina akaikata kwa kisu cha dereva wa lori, vipande vidogo vidogo, akamfungia Hedwiga kimoja kwenye kitambaa. Nalangu alikula chake, akawapa mkono wote wawili, akamwambia Blandina kwamba Jumamosi kuna mnada tena, kama watakuwa wanapita.

Pijo ilivutwa na lori mpaka duka la spea pale Taveta mjini, na Eliufoo akafungua dainamo mwenyewe, kwenye kivuli cha ukuta, mikono ya shati imekunjwa. Blandina alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akampa spana. Alipoombwa namba kumi na tatu alitoa kumi na tatu bila kutazama.

"Nilikuwa naendesha Landrover ya zahanati," akasema. "Kighare, kule milimani. Mvua za masika, ule udongo mwekundu, mama ana uchungu nyuma, dereva amelewa au hayupo. Mganga mkuu akasema bora nijifunze. Nikajifunza. Watoto wawili wamezaliwa mle ndani nikiwa nimevuta breki ya mkono."

"Halafu?"

"Halafu nikaolewa. Baba Anold alikuwa mtu mwema, Fundi, nisimseme. Tulipata pikapu, akaniambia tu kwamba akikaa kushoto na mimi nimeshika usukani, watu watasema. Basi. Hakugomba. Mimi nikasema sawa."

Eliufoo alifunga boliti ya mwisho. "Na leseni?"

"Kila ilipoisha nilikwenda kulipia. Ishirini na nane hii miaka tangu niache usukani."

"Ya nini, na gari hakuna?"

Blandina akapandisha mabega. "Nilikuwa naona ikiisha kabisa nitasikitika."

Eliufoo aliwasha gari. Ikawaka, taa nyekundu ikazimika na kubaki imezimika. Akafunga boneti, akanawa mikono kwa petroli, kisha kwa sabuni, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Baadhi ya madereva wa malori walikuwa wamepaki pale wakinywa chai, nao walikuwa wanatazama, kwa sababu watu wa barabarani wakishaona mchezo hawaondoki kabla haujaisha. Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Miaka kumi na moja ya kuitengeneza, na mingine kumi na mitano ya kuiendesha. Aliusogelea, akaweka mkono juu yake.

Kisha akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa kushoto, akaketi.

"Mzee!" akaita mmoja wao. "Leo unapelekwa?"

"Napelekwa!" Eliufoo akajibu kwa besi yake yote. "Wewe nani anakupeleka?"

Wakacheka wote, na huyo aliyeuliza akacheka kuliko wenzake. Blandina alisimama bado na spana mkononi. Akaiweka chini taratibu kama chombo cha hospitali, akavua viatu vya kisigino, akaingia, akavuta kiti mbele.

Barabara kutoka Taveta kwenda Voi imenyooka, lami nzuri, nyika pande zote mbili. Kwa kilomita kumi za kwanza Eliufoo alishika dashibodi. Blandina hakwenda sitini. Alikwenda themanini, akaona inavumilia, akaenda tisini.

"Mama Anold, hii ni gari ya maharusi!"

"Na mimi ni bibi harusi!"

Baadaye aliachia dashibodi. Aligundua kwamba mtu aliyekaa kushoto ana mikono mitupu, na anaweza kuitumia. Akafungua hotpoti, akala makande, akamlisha dereva wake kijiko kimoja kimoja barabara ilipokuwa nyeupe mbele. Aligundua pia kwamba kuna vitu vingi kando ya barabara. Karibu na Maktau waliona tembo, wekundu kwa vumbi, kumi na mmoja kwa hesabu yake; alihesabu mara mbili kwa sababu alikuwa na nafasi. Alimwonyesha Blandina, na Blandina akasema atazame yeye amsimulie, na akamsimulia, tembo mmoja mmoja, huyu anajikuna kwenye mti, yule mdogo ameanguka, ameamka. Miaka yote alikuwa amesafirisha watu waliovaa vizuri na wenye furaha, na kitu pekee alichokuwa ameona ni mgongo wa gari la mbele.

Walifika Voi saa tisa alasiri. Hedwiga aliisikia honi yao kutoka mbali, akatoka na magongo yake mpaka kizingitini, mwembamba, mwepesi wa maneno, gauni la nyumbani limegeuzwa ndani nje kwa haraka. Alikwenda moja kwa moja dirisha la kushoto.

"Shemeji, karibu! Karibu sana! Dada yangu umemwacha wapi?"

Eliufoo akaonyesha kwa kidole gumba tu. Hedwiga akainama, akatazama ndani, akaona mikono ya dada yake juu ya usukani, na akapiga ukelele kwa Chasu, lugha ya kwao, ambao majirani zake Wataita, wasiojua neno hata moja, waliuelewa wakaja mbio. Akina dada walishikana dirishani, magongo yakaanguka, mmoja nje mmoja ndani, wanaongea kwa pamoja, hakuna anayesikiliza.

Walikuwa wamepanga kukaa siku nne. Siku ya pili, saa moja asubuhi, Eliufoo alitoka na ndoo na kitambaa kuliosha gari vumbi la safari, akamkuta Hedwiga ameshakaa kwenye benchi la mbele, upande wa kushoto, gauni la kanisani, hereni, magongo yamesimamishwa kati ya magoti. Blandina alikuwa kwenye usukani anajipaka mafuta ya mikono.

"Daktari amesema nisikae ndani tu," Hedwiga akaeleza. "Kuna Mombasa hapo chini, sijaiona tangu wajukuu wazaliwe. Shemeji, wewe panda nyuma."

Akapanda nyuma.